Bawa Moja Tu

Muuza mabata wa Mutakura hakati manyoya ya mabawa yote mawili. Hukata ya bawa moja tu. "Ukikata zote mbili, inajipima tena, inaruka. Ukikata moja, inapinda, inaanguka," humwambia kila mnunuzi, hata yule aliyemwambia jana. Kabla ya kukata hulikunjua bawa polepole, kama mtu anayekunjua kitenge kipya, hupuliza manyoya yasimame, na sauti yake mwenyewe ya kukwaruza hulainika ghafla. "Ona, mama. Hizi za inje zinasukuma, hizi za ndani zinabeba." Mkasi hungoja mapajani.

Siku mnunuzi aitwaye Sijaona alipokuja kumchukua bata wake wa Idi, bawa lilikuwa limeshakunjuliwa, mkasi bado, mizinga ya vita ikalia milimani. Vidole vya muuzaji vikalegea. Bata akaangukia barabarani, akatimua mbio kuelekea kizuizi cha askari, pale ambapo hapiti mtu bila kuonyesha kitambulisho chake, karangamuntu. Watu wote waliinama. Muuzaji alisimama wima, mikono yake ikipiga hewa. "Kimbia kwanza! Kimbia! Sasa piga!" Bata akapiga mabawa, akainuka, miguu ikining'inia, akapita juu ya kofia za askari, nao wakabaki wameinua nyuso. "Imepita!" muuzaji alipiga kelele akirukaruka. "Mumeona? Hawakuiuliza karangamuntu!" Sijaona akajikuta anapiga makofi kwa nguvu zake zote, na chungu cha Idi kinamngoja nyumbani.