Ukungu Ndani ya Kioo

Asifiwe Mungu, mwenye pumzi zetu hata kabla hatujazivuta, aliyenifikisha katika uzee huu bila mimi kustahili. Kwa jina lake nasimulia.

Miaka ile wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, kiwanda kipya cha kuchambulia kilifunguliwa Kasoli, nami nikapata kazi ya kupanga marobota ghalani. Moto wa pamba hujificha ndani ya robota na kutoa moshi mzito kabla mwali haujaonekana. Kwa hiyo tajiri wetu alinunua barakoa mbili za zimamoto, zilizokwisha kutumika kwingine, pamoja na mitungi yake ya hewa. Tulichaguliwa wawili kuzivaa: mimi na jirani yangu, mtu niliyechunga naye ng'ombe tangu utoto.

Fundi aliyetufundisha alisema adui wa kwanza ni pumzi yako mwenyewe. Ina joto na unyevu. Ikigusa kioo inakuwa ukungu, na ndani ya moshi huoni tena. Dawa yake ni kupaka sabuni kidogo upande wa ndani, kisha kufuta kwa kitambaa kikuukuu kilichofuliwa, mpaka sabuni isionekane ingawa ipo. Upumue taratibu. Na usivue barakoa kamwe ukiwa ndani.

Mke wangu akanipa kipande cha kanga yake. Jirani yangu alinicheka.

"Unamvua shemeji kanga kwa ajili ya kioo? Na pamba yote hii, bhabha!" Akanyofoa pamba iliyotoka kwenye mashine, akafutia barakoa yake. "Ona. Laini kuliko kanga ya harusi."

"Fundi alisema kitambaa."

"Na kitambaa kinatoka wapi kama si humu?"

Tulicheka wote, hata msimamizi. Sisi ni wakulima wa pamba. Kila mmoja wetu alikwisha kuona pamba mbichi ikielea juu ya maji bila kulowa, kwa sababu ya mafuta yake ya asili. Siku ile hakuna aliyekumbuka. Pamba iliondoa sabuni, ikaacha mafuta.

Moshi ulitoka ghalani mchana mmoja, watu wakiwa wanakula. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kuvaa. Nilimfunga kamba kiunoni, tukakubaliana kwamba akiitikisa, nimvute.

"Msinimalizie ugali," alisema, sauti yake kama inatoka ndani ya mtungi. Akaingia na mpira wa maji.

Kamba ilikwenda mbele, ikasimama. Ikaenda kushoto, upande usio na mlango. Ikarudi, ikazunguka, kisha ikalegea. Haikutikiswa. Tulipovuta, ilikuwa imenasa kati ya marobota.

Nikavaa barakoa ya pili, nikaifuata kamba kwa mkono. Kioo changu kilibaki safi, nikaona kila kitu. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye robota, barakoa mapajani. Kidole chake kilikuwa upande wa ndani wa kioo, kikifuta polepole. Mlango ulikuwa karibu naye kabisa.

Tulimtoa akiwa hai. Alifariki tukiwa njiani kwenda hospitali ya Bariadi.

Msibani mkewe alinishika mkono. "Alikuwa anatafuta nini mle ndani muda wote ule?"

"Alikuwa anafuta kioo, shemeji."



Barakoa zile nilizifuta mwenyewe kwa kanga hadi nilipoacha kazi. Sasa, asubuhi za masika, dirisha langu likipata ukungu, nasimama mbali nalo. Mara nyingine mstari unajichora taratibu, kama mtu anayefuta kwa upande wa pili. Nilimweleza padri wetu. Hakunicheka, aliniambia nisikimbie, nimwombee marehemu. Basi nasimama na rozari mpaka jua lipande na kioo kikauke, kisha namshukuru Mungu kwa asubuhi nyingine.

Nawe unayesoma, Bwana akushike mkono pale macho yako yatakaposhindwa, na akufikishe kwa watu wako ukiwa mzima. Amina.