Ukuta wa Mama Mwende

Juzi, kule Mtito Andei, niliona ukuta wa hoteli umechorwa majani ya mtama. Niliupapasa mpaka chai yangu ikapoa. Ulikuwa laini kote.

Ukuta ninaoukumbuka mimi ulikuwa Matinyani, ukinuka udongo mbichi na mavi ya ng'ombe. Dhoruba ilikuwa imeangusha nyumba ya jirani yetu, Mama Mwende, na Mwende, rafiki yangu, akafia ndani. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, walikuja kumjengea nyingine. Walirusha udongo kwenye fito kwa nguvu, pu, pu, nami nikaamini wanaiadhibu nyumba kwa kumuua Mwende. Sikujua kwamba udongo usiporushwa hivyo haushiki.

Walipomaliza kulainisha, wakaanza kuchora majani kwa vidole, kama walivyopamba nyumba zao zote. Hapo Mama Mwende akauvamia ukuta kwa ngumi. Alipiga mpaka fito zikalia na damu ikachanganyika na udongo.

"Mbona ulianguka?" aliuliza kwa kila ngumi.

Nilingoja apigwe. Sisi watoto tulichapwa kwa kugusa tu ukuta mbichi.

"Anatuharibia kazi," mwanamke mmoja alisema.

"Mwacheni," mama yangu akajibu. "Mvua imenyesha, na mashimo ndiyo hayo anachimba. Sisi tupande."

Wakachora mtama ukichipuka kutoka kila alama ya ngumi. Mama Mwende hakuacha kupiga, nao hawakuacha kumfuata na majani.