Herufi moja imeniokolea kibao changu

Leo mimi, fundi namba moja Kasulu nzima, nimefundishwa kuandika na muuza vitenge!

Mnakijua kile kibao changu cha umeme, kidogo kama kiberiti. Unakiandikia maagizo kwenye laptop, chenyewe kinatii.

Wiki tatu nakiagiza kiwashe taa, kisubiri kidogo, kisha kiizime.
Kimegoma.

Leo nikakata tamaa, nikamwita mteja aje akinunue. Akaja kweli!

Mama Zuwena, mwenye duka la vitenge ninamoweka meza yangu, akachungulia laptop.
"Fundi, hapa pa kusubiri umeandika nini?"
"Deray," nikajibu kwa madaha. Kizungu hicho!
"Ndiyo maana! Ni delay, yenye L. Nyie Waha, mnasema 'kurara' mpaka kwenye kompyuta?"

Duka zima likaangua kicheko, mteja mpaka machozi.

Nikafuta R, nikaweka L.
Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena!

Mteja nimemwomba radhi, kibao hakiuzwi ng'o.

Mama Zuwena, kona ya duka ulinipa bure, na leo umenipa ufundi wangu. Mungu akuzidishie, mama yangu.

Waha wenzangu, msiniache na aibu peke yangu. L imewaponza wapi?