Hodi Mbili kwa Bi Swafiya

Moyo wangu bado unakataa, na simu ninayo mkononi tangu alfajiri. Bi Swafiya wa Langoni, admin wa group yetu ya kushona kofia, hatunaye tena. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Jana jioni alikuwa online akimtania mtu kwa uzi wake mbovu. Leo binti yake ameandika kwa simu ya mama: "Mama ameanguka jikoni, ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri." Wallahi nilidhani ni mzaha wake mwingine.

Wengi mnaonifuata hapa mnanijua kwa picha za kofia zangu. Haya, aliyenifanya nithubutu kuzionyesha ni yeye.

Niliingia group ile kwa simu ya mume wangu, maana mimi sikuwa na yangu. Jina lililoonekana lilikuwa lake, Bwana Shee wa Ndau. Nilikuwa nasoma tu. Natazama mishono ya wenzangu, naiga, nanyamaza. Ningesema nini mimi, mtu wa kisiwa kidogo, mbele ya mafundi wa Amu, yaani Lamu mjini?

Kila group ina watu hao. Wachache tunapiga domo kutwa, wengine wote wanatazama tu. Bi Swafiya aliwaita "wenye mato bila midomo". Mato ndiyo macho kwa Kiamu, na akilitamka neno hilo kwenye voice note unamsikia anavyojizuia kucheka.

Sheria yake ilikuwa moja. Ukiingia nyumba ya watu unapiga hodi, na group nayo ni nyumba. Andika hodi, yeye atakujibu karibu. Na karibu ilikuwa yake peke yake. Ukimjibia, anakuja juu: "Mwenye nyumba ni nani humu?"

Siku moja wenzake walichoka. Wakataka wanyamavu wote watolewe, eti wanaiba mishono na hawatoi kitu.

"Wawateni," akasema, yaani waacheni. "Hamuyui mtu ana nini nyumbani kwake. Pengine hata simu si yake."

Lakini mimi nilimshinda! Mwanamume kwenye group ya wake za watu, hasemi, anachungulia tu? Akaniandikia mbele ya kadamnasi: "Wewe Bwana Shee wa Ndau, huna haya? Piga hodi, au nikutoe nje na kanzu yako!"

Nikajifungia chumbani nikarekodi voice note yangu ya kwanza: "Hodi, Bi Swafiya. Mimi ni mkewe."

Kikaja kicheko mpaka spika ikakwaruza. "Karibu mwanangu, karibu! Nisamehe, nimemtukana mumeo na kanzu yake bure!"

Tangu siku ile jina langu likawa Bi Kanzu. Shee mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Shee naye amefariki mwaka huu, na mimi niko eda. Kwa msiojua, mjane hukaa ndani mpaka muda wake uishe, hatoki ila kwa dharura. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani.

Kumbe Bi Swafiya naye alikuwa anajua kupiga hodi. Kila asubuhi: "Hodi, Bi Kanzu. Umeshona nini yeo?" Kuna siku nilishona ili tu niwe na la kumjibu.

Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Hata mara moja. Alikuwa ameshaniwekea miadi ya kwenda kwake: "Ukitoka eda, ndoo Amu. Usinipigie simu. Simama mlangoni kwangu upige hodi, nikuyibu kwa mdomo wangu." Nilikuwa nimeshachagua mpaka buibui la kuvaa.

Leo asubuhi nilimwambia mama mkwe kwamba nakwenda. Boti ya Amu ilikuwa bado haijaondoka, nasikia watu wanaitana.

Akanishika mkono. "Mwenye eda hatoki kwenda kumlilia mwengine. Mlilie papa hapa, mwanangu." Na yeye machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikarudi chumbani. Nilisikia injini ikiwaka, ikaenda, ikapotea. Nasema kweli, Mungu anisamehe, nimezichukia kuta hizi. Nimechukia hata sindano.

Nikafungua group. Sisi waongeaji tulikuwa tumeshamaliza yetu, dua na emoji za kulia. Ndipo ikaingia number isiyo na picha: Hodi.

Ikafuata nyingine: Hodi. Na nyingine. Watu ambao hatujawahi kuona hata nukta yao! Mmoja yuko Kiunga, mwengine hakusema yuko wapi. Zilimiminika hodi mpaka kidole kikachoka kupandisha. Kumbe walikuwa humo siku zote, wakimsikiliza.

Hakuna aliyewajibu karibu. Hata sisi wenye midomo tulishindwa, maana neno lile lilikuwa lake.

Mimi nikamwandikia kwenye number yake mwenyewe. Hodi. Tick moja ya kijivu. Nadhani wameshaizima simu.

Nikangoja. Saa ya kuzika ikapita. Nikaandika tena: Hodi. Tick moja.

Bi Swafiya, ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa mgeni hugeuka akarudi alikotoka. Basi ya tatu siipigi.

Lala salama, mwenyeji wangu. Bi Kanzu wako bado yuko mlangoni.