Kitufe Juu ya Silinda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipimwa kabla ya kukata hata tawi. Tulisimama wakataji wanane mbele ya gogo la mkaratusi, nje kidogo ya Dongobesh, ukungu ukiwa bado umefunika mashamba ya vitunguu saumu. Kila mmoja alikuwa na chenso miguuni, yaani msumeno wa injini. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Nyapara, alipita akihesabu kwa sauti kila mtu alipovuta kamba ya kuwashia. "Moja! Mbili! Tatu!" Aliyefika tano injini haijanguruma aliiweka mashine chini, akaenda kubeba magogo siku nzima. Aliyeshindwa siku tatu mfululizo alihamishiwa kwa wabebaji, na hakurudi tena kwenye chenso.

Mimi niliwasha mara ya pili. Nyapara akaniangalia viganja.

"Wa wapi wewe?"

"Nangwa, Mzee. Nimelima kwa baba."

"Jembe limekufundisha vizuri. Utakaa."

Kwa wasiojua mashine hizi, nieleze kidogo. Ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Ikipanda inabana hewa iliyochanganyika na petroli, kisha plagi inatoa cheche. Chenso kubwa za kukatia mikaratusi minene hubana kwa nguvu sana, na ndiyo maana zinakata vizuri. Lakini unapovuta kamba, mkono wako ndio unaoshindana na mgandamizo huo. Asubuhi ya baridi ya Mbulu, mashine ikiwa imelala nje, kamba hukurudisha kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini.

Ili tusihesabiwe tano, tulikuwa na mbinu yetu. Tulishika mashine hewani kwa mkono wa kushoto, tukaidondosha huku mkono wa kulia ukivuta kamba juu. Uzito wa mashine ulisaidia. Nyapara aliiona na hakuikataza, kwa sababu hata yeye aliwasha hivyo. Ni mbinu mbaya. Mnyororo wenye meno unayumba karibu na paja, na mzigo wote unaishia begani.

Nilifanya hivyo miaka mingi. Bega langu la kulia lilianza kulalamika tulipopelekwa Yaeda Chini kusafisha njia, baada ya mvua kuangusha miti juu ya barabara mbovu inayoshuka bondeni. Kila mti ulihitaji kuzima na kuwasha tena. Tuliporudi Dongobesh sikuweza kuinua mkono hata kuvaa shati. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne na shamba dogo la mahindi. Bega lisiloweza kuvuta kamba lisingeweza kubeba gogo pia, kwa hiyo kwangu kushindwa hesabu ya Nyapara kulimaanisha kurudi Nangwa bila kazi.

Mwenzangu Safari, tuliyesimama naye jirani kwenye mstari, alinificha wiki mbili. Nyapara akigeuka, Safari alivuta kamba yangu haraka, kisha yake. Asubuhi moja Nyapara alisimama ghafla.

"Safari, una mashine ngapi?"

"Moja, Nyapara."

"Mbona nimesikia mbili zikiwaka na mkono wa huyu uko mfukoni?"

Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka. Nyapara akanisogelea, akashusha sauti.

"Paulo, mimi sikuchukii. Lakini mkataji anayewashiwa, mti ukimwelemea huko porini, atamwita nani? Wiki hii nenda Katesh ukachukue minyororo mipya. Jumatatu unasimama mstarini mwenyewe. Ikifika tano, tunaagana."

Katesh tulinunua vipuri kwa Mama Zuhura, mjane aliyerithi duka la mumewe na kulijua kuliko alivyolijua marehemu. Nilikuwa nimekwenda na chenso yangu ili nipime mnyororo. Aliniona nikiiweka mezani kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Bega hilo limefanya nini?"

Nikamweleza. Hakusema pole. Aliivua mashine kifuniko cha juu, akagonga kwa ukucha bolti moja fupi juu ya silinda.

"Na hapa mmeziba nini?"

"Ilikuja hivyo."

"Haikuja hivyo. Nani aliziba?"

Ndipo nilipokumbuka habari niliyoisikia kwa wazee wa kazi. Kabla yangu, chenso moja ilipungua nguvu, na fundi akaona hewa inavuja kwenye kitufe kidogo juu ya silinda. Akakitoa, akaziba tundu kwa bolti. Nguvu ikarudi. Nyapara akaamuru vitufe vya mashine zote vitolewe, akisema vinaiba nguvu.

Mama Zuhura alicheka hadi akashika meza. "Mmoja akiugua jino, mnang'oa ya ukoo mzima?"

Akanionyesha kitufe kipya. Ni vali. Ukikibonyeza kabla ya kuvuta kamba, kinafungua tundu dogo na sehemu ya mgandamizo inatoka, hivyo kamba inakuja kwa ulaini. Mafuta yakishika moto, mlipuko wa kwanza unakisukuma, kinajifunga chenyewe, na injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kile cha zamani kilivuja kwa sababu ya masizi. Kilihitaji kusafishwa kwa petroli na brashi tu. Alinifungia kipya palepale.

Jumatatu nilisimama mstarini. Niliweka chenso chini, nikafunga breki ya mnyororo, nikaingiza ncha ya buti kwenye mpini wa nyuma. Wenzangu wakaguna, maana hakuna aliyewasha chini. Nikabonyeza kitufe, nikavuta choki inayopunguza hewa injini ikiwa baridi, nikavuta kamba.

"Moja!"

Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikarudisha choki, nikavuta tena. Kamba ikanirudisha kwa nguvu, maumivu yakapita hadi shingoni. Macho yakanijaa maji.

"Mbili!" Nyapara akasema. Safari akatazama pembeni.

Nilivuta tena kwa hasira, na bega likakataa katikati ya kamba.

"Tatu."

Hii aliisema taratibu, kama mtu asiyependa kufika mbele. Niliinama kuficha uso, ndipo nikaona kitufe kimechomoza. Kukohoa kule kulikuwa mlipuko, na mlipuko ulikifunga. Mama Zuhura alikuwa ameniambia, nami nilikuwa nimesahau: kila inapokohoa na kuzima, unabonyeza upya. Nikabonyeza. Nikavuta polepole, karibu kwa vidole.

Chenso ikanguruma kabla Nyapara hajafungua mdomo.

Alitembea hadi kwangu, akainama. "Hicho kitufe."

"Ndiyo, Mzee."

"Kinaiba nguvu."

"Naomba gogo."

Alinipa gogo la mkaratusi, na Safari akapewa sehemu ya pili ya gogo lilelile kwa mashine yenye bolti. Tukakata pamoja. Vipande viwili vikaanguka karibu kwa wakati mmoja. Nyapara akapima unga wa mbao kwa kiganja, kwangu na kwa Safari, kana kwamba jibu lilikuwa humo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akazima chenso yangu, akaweka buti kwenye mpini, akabonyeza, akavuta. Ikawaka. Akazima, akarudia.

"Miaka yote hii," akasema, bila kumwambia mtu. Akanigeukia. "Kesho rudi Katesh. Lete saba."

Tangu siku hiyo hesabu ya asubuhi ilikwisha. Mstari tuliendelea kusimama, lakini Nyapara alikagua breki, mnyororo na vali. Baadaye nilipelekwa Nangwa, kisha Gehandu, nikawa mimi ninayekagua. Gehandu nilimpokea Elizabeti, mkataji wa kwanza mwanamke kwenye kikosi chetu. Nilimwonyesha mara moja tu. "Kumbe ndiyo kazi yenyewe, mzee?" akaniuliza. "Na mlikuwa mnajisifu hivyo?"

Ninyi mnaoanza sasa, safisheni vali hiyo mnaposafisha kichujio cha hewa. Ikivuja isafisheni, ikishindikana badilisheni. Msizibe.

Wengi niliowakuta kazini waliondolewa na migongo na mabega yao, asubuhi wasiyoichagua. Mimi nilimaliza mti wangu wa mwisho Gehandu mchana, nikauona umelala nilipotaka ulale, nikazima injini kwa mkono wa kulia. Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi mkuu, nikamwambia naacha.