Madam Kwenye Usukani

Mkaguzi wa mitihani ya udereva humwita kila mwanamke madam, hata binti wa juzi, kwa sauti kavu, huku viganja vyake vikisugua magoti kana kwamba anainyoosha suruali. "Madam, kata kona kulia. Madam, kioo." Binti anayejifunza amekwisha kuambiwa "Pole, madam" mara mbili, na leo akianguka tena, shule itampa mtu mwingine basi la wanafunzi aliloahidiwa kuliendesha. Binti alilirudisha gari kinyumenyume katikati ya mapipa ya mtihani, jasho likimtiririka, asiguse hata moja. Mkaguzi akaondoa mikono magotini. "Umepita. Zima gari, mwanangu, na mimi nipumue." Binti akataka kuachia usukani, vidole vikagoma kukunjuka, wakacheka wote wawili.