Chembe Nyekundu na Nguo za Arobaini

Siku ya kwanza kuingia maabara ya hospitali kubwa ya Mombasa nilivalishwa koti jeupe refu kuliko buibui langu, nikapewa kigoda na kazi ya kuosha vioo. Mkuu wa maabara alikuwa Mtaita mtu mzima, mwenye tabia ya kuzungumza jicho likiwa ndani ya hadubini. Vyeti vyangu hakuviuliza. Alinionyesha mwanamke aliyekaa kwenye benchi la nje, mke wa mtu wa Mji wa Kale, aliyeletwa kwa sababu akipanda ngazi za kwao hulazimika kupumzika katikati. Akataka kujua namwonaje. Nikamwangalia viganja: vyekundu. Kucha: nyekundu. Akanitolea ulimi, nao mwekundu. Nikajibu, kwa ujasiri wa msichana aliyemaliza chuo juzi, kwamba damu anayo ya kutosha.

"Hiyo ni hina," akasema mkuu wa maabara bila kuinua kichwa. "Na ulimi huo ni tambuu aliyotafuna. Umesifu mapambo, binti. Damu hujaiona."

Tulipoipima, himoglobini yake haikufika hata nusu ya inayotakiwa. Himoglobini ndiyo ile rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, na kazi yake ni kubeba hewa kutoka mapafuni kuipeleka kila pembe ya mwili. Ikipungua, moyo huenda mbio, miguu huwa mizito, na watu wa nyumbani huanza kusema mtu huyu mvivu. Tangu siku ile sikuamini rangi ya kiganja, na nyinyi mnaoingia kazi hii leo msiiamini. Vuteni kope ya chini mtazame ndani yake, kisha mpime.

Jambo la pili alilonifunza mkuu huyo ni kwamba upungufu wa damu si jina la ugonjwa. Ni sawa na mtu kusema nyumba yangu inavuja. Bado hujajua ni paa, ni bomba, au ni jirani wa juu amesahau mfereji. Fundi asiyejua tofauti hiyo atapaka rangi dari, na mvua ikija atapaka tena. Sisi kazi yetu ilikuwa kutafuta panapovuja, na chombo chetu kikubwa kilikuwa tone moja la damu lililovutwa juu ya kioo, likaachwa likauka, likatiwa rangi. Mkono ukitetemeka tone hukunjamana na hakuna unachokiona. Nilivuta vioo vibaya mpaka mkuu wa maabara akaniuliza kama namwagia kuku mtama.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wanawake wenye mimba waliopungukiwa na chuma. Chembe zao huwa ndogo na zimepauka katikati, kwa kuwa himoglobini haitengenezeki bila chuma. Hao ungewajua hata kabla ya hadubini. Walikuwa wakitoka soko la Marikiti na vipande vya udongo wa kula ndani ya pochi, wakivitafuna kwa siri, na ukiwauliza wanakuapia ni mimba tu inataka. Udongo hauleti chuma, hukizuia. Na chai nayo hukizuia ikinywewa pamoja na chakula, na hapa ndipo nilipogombana na mji mzima, maana Mombasa hata ukila samaki utaletewa chai. Muuguzi mkuu wa kliniki ya wajawazito alinishauri niwaambie waisogeze mbele kidogo tu, wasiiache, la sivyo wataniacha mimi.

Baadaye nikahamishiwa zahanati moja upande wa Mbaraki. Huko nilikutana na safura, minyoo midogo inayoingia kwa nyayo za anayekanyaga udongo peku, ikafika matumboni ikawa inafyonza taratibu. Nilikutana na malaria inayopasua chembe kutoka ndani. Nilikutana pia na chembe kubwa kupita kiasi, ambazo ni dalili ya kukosa vitamini fulani, mojawapo ikiwa ile iliyomo kwenye majani mabichi. Mchicha wetu tunauchemsha mpaka usahau jina lake, kisha tunashangaa.

Daktari msimamizi wa pale alikuwa mkali, hasa kwa watu wanaokimbilia jawabu. Alikuja fundi cherehani aliyekuwa amemeza vidonge vya chuma miaka nenda miaka rudi bila nafuu, na mimi nilipoona chembe zake ndogo nikataka kuandika chuma tena. Akanizuia mkono. "Chembe ndogo si lazima iwe njaa ya chuma," akasema. "Huenda huyu kazaliwa nazo." Na kweli alizaliwa nazo. Ilikuwa talasemia, namna nyepesi yake, maumbile ya himoglobini yanayorithiwa kwa wazazi kama inavyorithiwa selimundu. Vidonge vilikuwa vinamsumbua tumbo bure. Kuanzia hapo kila mgonjwa niliyemwona nilimuuliza habari za wazazi na ndugu zake, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kibokoni na kuulizana nasaba ni mchezo wetu, kazi hiyo niliiweza kuliko wote.

Niliporudishwa hospitali kubwa nilikuwa mkuu wa kitengo cha damu. Miaka michache kabla ya kustaafu akaletwa mtoto wa Rukia.

Rukia alikuwa mke wa kijana wa jirani zangu. Yeye kwao ni Makupa, binti wa muuza vipuri vya malori. Mwaka uliotangulia alikuwa amezaa mtoto wa kiume, akatolewa arobaini vizuri, yaani nje kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini za uzazi, na kabla wiki haijaisha mtoto akageuka manjano, akapauka, akafia nyumbani. Majirani walisema ni jicho. Mama mkwe wake, Bi Fatma, alisema ni damu mbovu iliyotoka Makupa, na alilisema mbele za watu. Sasa Rukia alikuwa amezaa wa pili, wa kiume pia, ametolewa arobaini juzi tu, na tayari macho yalikuwa ya manjano na mkojo rangi ya ukwaju.

Daktari wa watoto, mwanamke mtulivu kutoka bara, alinipigia simu nipande wodini nikamtoe damu mimi mwenyewe kwa sababu mishipa ilikuwa imelala. Aliniambia chembe za mtoto zinapasuka, hilo alilijua kwa mkojo ule. Asichokijua ni kinachozipasua. Malaria hakuna. Dawa hakupewa. Rukia alituambia kwamba hata yule wa kwanza alianza hivi hivi, hakuwa na homa kabisa, siku mbili baada ya arobaini akawa manjano tu. Aliyasema hayo macho makavu, kama mtu aliyekwisha kuyarudia kwa watu wengi wasiomsikiliza.

Nilipoinama kumtafuta mtoto mshipa, nikasikia harufu. Alikuwa amefunikwa shali ya hariri na ndani ana kanzu ndogo ya zamani, nguo za ukoo ambazo Bi Fatma huzitunza sandukuni na kila mtoto wa nyumba ile hutolewa nazo arobaini. Ilikuwa harufu ya vidonge vyeupe vya naftalini tunavyovitia nguoni ili nondo wasizile. Kwetu hiyo ni harufu ya harusi na Idi, na hakuna anayeishangaa. Hata mimi ingenipita, lakini daktari alikuwa amenitia udadisi kwa maswali yake. Nikamwambia. Pale pale akaanza kumvua mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Chini ya hadubini nilikuta chembe zimemegwa pembeni kana kwamba zimeng'atwa, na nilipozitia rangi ya zambarau vikaonekana vidoa ndani yake. Hiyo ni alama ya chembe isiyo na kinga. Ndani ya kila chembe nyekundu mna kimeng'enya, yaani kitu kinachoendesha kazi za mwili, ambacho sisi hukiita G6PD. Chenyewe huilinda chembe isiharibiwe na sumu fulani fulani. Wako watu waliozaliwa nacho kidogo, na hapa pwani si wachache. Huishi salama, mpaka waguse kitu kisichowafaa, na naftalini ni mojawapo. Usilolijua ni usiku wa giza.

Mtoto akaongezwa damu. Zilipita siku ambazo kila nikipanda wodini niliogopa kukuta kitanda kitupu. Alikaa, alhamdulillahi, akaanza kunyonya kwa fujo.

Lakini jawabu kamili lilikuwa bado. Kipimo cha G6PD hakifai mara tu baada ya chembe kupasuka, kwani zilizokufa ndizo dhaifu na zilizobaki ni changa zenye kinga, na juu yake umetia damu ya mtu mwingine. Ukipima wakati huo utadanganywa. Daktari akawaambia wasubiri miezi mitatu, na nguo zile zisimguse. Bi Fatma hakukubaliana naye. Alinifuata mpaka nyumbani kwangu, akakaa, akanywa kahawa, kisha akatoa lake.

"Nguo hizo kavaa babu'ake, kavaa baba'ake, hakuna aliyeumwa hata na kitwa," akasema. "Mbovu si nguo. Kipimo kikionesha ni damu ya huyu msichana, arudi kwao Makupa. Mwanangu ataoa pengine."

Mwanawe alikuwa mtu mwema asiyeweza kumpinga mama yake. Kwa hiyo ndoa ya Rukia ikawa inangojea kipimo changu, na mimi nilijua vizuri kitakachotoka. Upungufu huu mtoto wa kiume huurithi kwa mama tu. Sikupata kuogopa jawabu langu mwenyewe kama nilivyoliogopa hilo. Rukia naye alikuja siku moja. Hakuniomba niufiche ukweli. Aliniomba dua, akaondoka.

Jawabu lilipotoka tulikaa chumbani kwa daktari wa watoto: yeye, mimi, Rukia na mtoto, na Bi Fatma na mkoba wake magotini. Daktari akaeleza bila kupinda. Mtoto ana upungufu wa kinga ile, na ameupata kwa mama yake.

"Si niliwaambia," akasema Bi Fatma.

Daktari akamweleza kwamba si kosa la mtu, na kwamba maumbile hayo yameenea pwani kwa kuwa yaliwapunguzia wazee wetu makali ya malaria. Nikaona maneno hayo hayaingii, nikayachukua mimi. Nilimwambia kwamba damu hiyo mtu huishi nayo mpaka akazeeka. Haipasuki yenyewe, hupasuliwa. Mumewe na mwanawe walizivaa nguo zile wasidhurike kwa sababu kinga wanayo. Mtoto huyu hana, na kilichompasua ni vidonge vya sandukuni.

Bi Fatma si mtu mzito wa kuelewa. Niliona hesabu ikimfikia. Sanduku lile ufunguo anao yeye. Vidonge vipya huvitia yeye kila Rukia akikaribia kuzaa, kwa mapenzi, ili nguo zisiwe na kasoro. Na aliyemvika mjukuu wake wa kwanza ni yeye, kwa mikono ile ile iliyoushika mkoba.

"Zuhura," akaniita, na sauti haikuwa yake. "N'ambia kweli. Na yule wa kwanza?"

Daktari akanitazama. Yule mtoto hakupimwa, kwa hiyo hakika kamili sikuwa nayo, lakini kila dalili ilikuwa inasema jambo moja. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo Rukia akasema.

"Yule alikuwa na homa, mama." Alikuwa anamfunga mtoto vizuri, hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyemlaza kifuani. Alikuwa anachemka kabla hata hajavishwa. Si nguo zile."

Bi Fatma akafunika uso kwa mtandio akalia, na Rukia akampa mtoto ampakate. Daktari akageukia dirisha. Mimi niliyekuwa nikiwarudisha vijana maabara kwa kosa la nukta moja, niliyakumbuka maneno yake ya wodini, nikayaacha huko huko, na moyo wangu ulijaa mpaka nikashindwa kumtazama yule binti. Habari ya kurudi Makupa haikusikika tena katika nyumba ile.

Nimestaafu sasa. Vijana wananitembelea, wananisifia mashine zinazohesabu chembe kwa dakika moja, nami nazisifia pia, kwani kuosha vioo hakukuwa raha. Nawaambia tu mashine itawapa idadi, sababu wataitafuta wenyewe: kwa mgonjwa, kwa chakula chake, kwa dawa alizomeza, kwa nasaba yake. Wakipata mtoto wa manjano waulize nguo zake zimetoka wapi. Mtoto wa Rukia yuko madrasa sasa na ni mtundu kupindukia, na mama yake ana karatasi ya dawa asizopaswa kupewa ambayo humwonyesha kila daktari.

Mwaka jana Bi Fatma alifariki. Tulikuwa wanawake wachache chumbani, maji yako tayari, na muosha akauliza nani katika sisi ni wa karibu wa maiti, aje amshike kichwa. Binti zake wa kuzaa walikuwa Uarabuni, hawakuwahi. Rukia akakunja mikono ya dera lake akasogea mbele.

"Mimi," akasema. "Mimi ni mwanawe."